Kisiki Chenye Meno

Nyumbani, ukingoni mwa kinamasi
Tarehe 3 Februari

Shemeji yangu mpendwa, Bwana Picha,

Salamu nyingi. Mimi ni buheri wa afya, sijui wewe huko mjini.

Nakuandikia kukupa habari itakayokutia wivu hadi ukose usingizi. Jana asubuhi nilimpiga picha mamba akipiga miayo. Nilimsogelea mpaka pumzi yake ikanipiga usoni, na pumzi yenyewe, shemeji, inanuka kama soksi zako. Nikamwambia, "Panua zaidi kidogo, mzee mwenzangu," naye akapanua.

Haya, basi. Hakuwa mamba, alikuwa kenge. Na hakupiga miayo, alikuwa amelala. Na mimi sikuwa karibu naye, nilikuwa juu ya mti. Na kamera haijatiwa filamu tangu dada yako afariki, kwa hiyo hata huyo kenge aliyelala sina wa kukuonyesha. Ila mti ulikuwa wa kweli, na mchubuko nilioupata nikishuka ni wa kweli, na ndio ulionipeleka zahanati.

Sasa sikiliza. Nimekaa kwenye benchi la zahanati, suruali nimeikunja hadi gotini, namsubiri muuguzi aje na ile dawa yake ya kuunguza. Nainua macho, naona kalenda ukutani. Kwenye kalenda kuna mdiria, yule ndege mvuvi mwenye mdomo kama kisu. Ana samaki mdomoni, kasimama juu ya kisiki katikati ya maji, na mafunjo nyuma yake yamelainika kama moshi. Chini pameandikwa jina lako, la kwako na la baba yako, kwa herufi za dhahabu. Mpiga picha!

Nilicheka, shemeji. Nilicheka mpaka muuguzi akaacha mguu akaja kunipima presha.

Hongera sana. Kumbe ulipokuja msibani, sisi tukakuona umejilaza kwenye kiti cha uvivu unagombana na mbu, mwenzetu ulikuwa unachomoka kimyakimya kwenda kuvizia ndege! Mimi niliacha shule darasa la nne, kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu, kwa hiyo mambo ya kisanii siyajui. Hebu nieleze. Ulimpataje ndege yule? Na kisiki kile ni cha mti gani? Watu huku wananiuliza, na mimi nataka niwajibu kwa kujidai.

Usihangaike kupiga simu. Yangu iliingia majini, sasa hivi inazungumza na kambare.

Wako wa damu, au karibu na damu,
Gambuti
(asiye na gambuti, maana siku ya kuondoka ulizivaa wewe, ukasema utazirudisha)


Studio, mjini
Tarehe 12 Februari

Kwako Shemeji,

Barua yako nimeipata nikiwa katikati ya shughuli. Tangu kalenda itoke, studio haina nafasi ya kutemea mate. Zamani walikuwa wanakuja watu wa picha za pasipoti tu, leo wanakuja waandishi wa habari. Mwezi Aprili maktaba kuu ya mji itafungua maonyesho ya picha zangu, na picha ile ya mdiria itawekwa katikati ya ukuta chini ya kitambaa, niifunue mwenyewe mbele ya wageni. Pia tunaandaa kijitabu.

Umeuliza maswali mazuri kwa mtu wa kiwango chako. Kisiki kile ni cha mkaratusi. Nilikitafuta sana kabla sijaridhika, kwa sababu kisiki ndicho kinachobeba picha. Watu wengi humtazama ndege, lakini jicho la msanii huanza na kisiki. Nilijificha kwenye mafunjo tangu alfajiri, maji kiunoni, sijikuni wala sikohoi. Ndege alipotua, nilimpiga mara moja tu. Msanii hapigi mara mbili.

Kuhusu gambuti zako, zilinisaidia sana katika kazi hiyo. Ni imara kweli, halikuingia hata tone. Nitazirudisha nikipata mtu anayekuja huko.

Binti yako hajambo. Anajifunza kazi vizuri na anakula vizuri kuliko anavyojifunza.

Ndimi shemeji yako,
Bwana Picha


Nyumbani
Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Soma barua hii ukiwa umefunga mlango, na ukimaliza ifiche mahali ambapo mjomba wako hawezi kuiona. Iweke chini ya ufagio. Hapo hatagusa.

Umeiona kalenda. Usiniambie hujaiona, unafanya kazi humo ndani. Ile picha unaijua. Ilikuwa imetundikwa ukutani sebuleni kwetu, juu ya redio. Mama yako ndiye aliyeipiga. Siku tunamaliza msiba, mjomba wako aliiangalia akalia, akasema, "Shemeji, nipe kumbukumbu ya dada." Nikaitoa msumarini kwa mikono yangu, nikaifuta vumbi kwa kanga ya mama yako, nikampa. Nilimfungia na gazeti, mwanangu, isije ikakwaruzika njiani.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata wewe hulijui, na mjomba wako halijui, na ndilo litakalommaliza.

Kile si kisiki. Kile ni mimi.

Usicheke kwanza. Mama yako alikuwa anamtaka mdiria karibu, na mdiria alikuwa anatua kwenye miti ya mbali, kule jua linakompiga mgongoni. Akahangaika naye msimu mzima. Siku moja akanitazama tukiwa tunakunywa chai, akanitazama vile mtu anavyotazama meza anayotaka kuihamisha, akasema, "Mume wangu, ingia majini." Akanishonea gunia. Akalipaka tope, akalibandika magugu, akatoboa vitundu vya pua na macho vidogo kama vya chujio. Nikaingia, nikachuchumaa, maji yakanifika shingoni. Nje kikabaki kichwa tu, na kichwa changu, wewe mwenyewe unakijua, hakihitaji msaada mwingi kufanana na kisiki.

Ndege akaja. Wale ndege wakishika samaki hawammezi hivihivi, wanamtwanga kwanza juu ya kitu kigumu mpaka atulie. Kitu kigumu kilikuwa mimi. Alinitwanga na samaki utosini, mwanangu, kama polisi anayegonga mlango. Paa! Paa! Mama yako akabonyeza. Hiyo ndiyo picha ya kalenda. Mimi nikashindwa kujizuia, nikapasuka kicheko na gunia likanivuka usoni. Ndege akaruka, na mama yako, huku akicheka, akabonyeza tena.

Hatukumwambia mtu. Alisema, "Watu wakijua nimeolewa na kisiki, uso nitauweka wapi?" Lakini tukiwa wenyewe aliniita hivyo hivyo, "Kisiki changu." Jirani alimsikia akadhani ananitukana, akaja kutusuluhisha.

Sasa mjomba wako anasema ule ni mkaratusi. Kaniandikia! Mkaratusi, umri huu!

Mimi nataka mawili. Nataka jina la mama yako lirudi chini ya picha ile. Na nataka mjomba wako aone haya mbele za watu mpaka masikio yamuwake moto. Nayataka yote mawili kwenye sahani moja. La kwanza peke yake halinishibishi.

Baba yako,
Kisiki


Mjini
Tarehe 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nimelia, halafu Mjomba akagonga mlango akauliza kama nina mafua.

Nilijua picha ni ya Mama. Nilijua tangu siku alipoitoa kwenye gazeti na kuiweka chini ya taa ili ainakili. Nilisimama pale nimeshika sinia la chai na sikusema neno. Na kibaya zaidi, Baba, yale maandishi ya chini ya picha, mimi ndiye ninayeyachapa. Kila picha ya maonyesho, karatasi yake ndogo nimeichapa mimi. Jina la Mjomba nimelichapa mpaka vidole vinalijua vyenyewe.

Lakini naomba uliache. Nalala kwenye nyumba yake. Nilipokuja mjini ndugu wote walikuwa na wageni, ila yeye tu ndiye hakuwa na wageni. Kazi ya chumba cha giza, kusafisha filamu, kukuza picha, yote amenifundisha yeye, na hajawahi kunipigia kelele hata nilipoharibu. Anajisifu, ndiyo. Ni mtu aliyepiga picha za pasipoti maisha yake yote, watu wamekaa mbele ya pazia la bluu hawacheki. Labda alitaka mara moja tu kupiga kitu kinachopumua.

Muulize vizuri, kwa upole. Pengine atasema mwenyewe. Na Mama hakuwa mtu wa makuu. Asingetaka ugomvi.

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Hakuwa mtu wa makuu, sawa. Lakini alikuwa mtu. Alisimama kwenye tope na ruba kwenye vifundo vya miguu, akiwa na homa, akiwa na mimba yako, akiwa na nzi puani, ili ndege mmoja ageuze shingo. Usiniambie angetaka nini. Mimi ndiye niliyekuwa namchomoa ruba.

Ati mjomba wako anataka kupiga kitu kinachopumua. Mbona mimi nilikuwa napumua mbele yake siku zote za msiba na hakunipiga hata moja?

Lakini umeniomba, na wewe hujawahi kuniomba kitu tangu uache kunyonya. Nitamwachia mlango mmoja wazi. Nitamuuliza kuhusu dada yake, kwa sauti ya asali. Akipita mlango huo, akasema neno moja tu la kweli, nitanyamaza mpaka nife. Akiufunga, naukomea kwa nje.

Ndani ya bahasha hii kuna ukanda wa filamu kutoka kwenye kopo la biskuti la mama yako. Una vipande viwili. Cha kwanza ndicho kile cha kalenda. Cha pili hakijawahi kukuzwa, mama yako alisema meno yangu yataharibu karatasi. Kama hutaki usikikuze. Lakini usikitupe.

Baba yako


Nyumbani
Tarehe 10 Machi

Shemeji mtukufu, fahari ya ukoo,

Majibu yako niliyasoma dukani kwa sauti, nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda. Watu walitoa macho! Fundi baiskeli akasema, "Huyu shemeji yako si binadamu wa kawaida." Nikamwambia, hata mimi siku zote nimekuwa na wasiwasi huo.

Lakini wamenibana kwa maswali, na mimi sitaki nikuaibishe kwa kujibu vibaya. Muuza duka anasema mpiga picha wa kweli, akimaliza kazi, huenda akakaa palepale alipokaa ndege, ili aone alichokiona ndege. Anasema bila shaka ulikaa juu ya kile kisiki. Je, ulikaa? Kilikuwa kigumu? Kilikuwa kinanuka?

La mwisho, na hili naliuliza mimi mwenyewe. Dada yako alikuwa wapi siku hiyo? Nakumbuka alikuwa anapenda kamera kidogo. Maana inawezekana mzee nimechanganya, msiba unavuruga kichwa, na labda ulipiga picha hii zamani, mlipokuwa pamoja, na labda naye alisaidia mahali fulani. Kama alisaidia, hata kidogo, niambie tu, shemeji. Neno moja. Nitafurahi kweli, na hapo nitaacha kukusumbua.

Gambuti
(bado natembea na malapa kwenye tope)


Studio, mjini
Tarehe 22 Machi

Kwako Shemeji,

Waambie watu wako hivi. Ndiyo, nilikaa juu ya kisiki kile. Baada ya kazi nilikaa pale nikala mkate na yai, nikitafakari. Kilikuwa kigumu na kikavu. Kabla sijaondoka nikakichonga herufi ya kwanza ya jina langu kwa kisu cha mfukoni, na ipo mpaka leo kwa atakayetaka kuitafuta. Asante kwa kunikumbusha, maana hayo yote nimeyaongeza kwenye kijitabu, ukurasa wa tatu, na wasomaji wa mwanzo wameyapenda sana.

Kuhusu marehemu dada. Ni kweli picha ni ya zamani kidogo, siku nilizowatembelea, wewe huenda ulikuwa kwenye shughuli zako. Dada alinisindikiza. Alinibebea mkoba. Alikuwa na moyo mzuri lakini kamera alikuwa haijui, hata kifuniko cha lenzi nilimfungulia mimi. Hilo nalo nimeliandika kwenye kijitabu, kwa heshima yake: "Dada yangu, aliyenibebea mkoba."

Maonyesho ni tarehe ishirini Aprili. Usijisumbue kuja. Safari ni ndefu, na ukumbi una zulia.

Bwana Picha


Mjini
Tarehe 30 Machi

Baba,

Ukurasa wa tatu nimeuchapa mimi. "Aliyenibebea mkoba." Nilifika hapo nikasimama. Nilimuuliza, "Mjomba, Mama hakuwa anapiga picha?" Akaniambia, bila hata kuinua macho, "Mama yako alikuwa anapenda kuishika tu."

Jioni alipoenda kunyolewa, niliingia chumba cha giza na ule ukanda. Nimetumia dawa zake na karatasi yake, ile kubwa anayoitunzia maonyesho. Unajua picha inavyokuja kwenye sinia, Baba, inaanza na vitu vyeusi. Kwanza yakaja mafunjo. Halafu mabawa ya ndege, yamepanuka, anatoka juu ya picha. Halafu ukaja wewe, gunia limepanda hadi puani, mdomo umeachama, meno yote nje, hata lile la dhahabu ulilomwambia kila mtu kuwa ni la dhahabu.

Halafu mwisho kabisa, chini, kwenye maji, kikaja kitu nilichodhani ni doa. Nikatikisa sinia. Kilikuwa ni kivuli cha Mama majini. Kilemba chake, viwiko vyake viwili vimeinuka, na kamera mahali pa uso.

Usiniandikie tena hapa. Na usije.

Mwanao


Studio, mjini
Tarehe 21 Aprili

Wewe mzee mshenzi,

Umenimaliza. Umenivua nguo mbele ya mji mzima. Watu niliowapiga picha za pasipoti zao walikuwa wananiuliza mkate ulikuwa na siagi au hauna!

Na huyo nyoka wako niliyemfuga nyumbani kwangu, nimemtolea virago vyake barazani usiku uleule. Asikanyage tena hapa. Na wewe usithubutu kuniita shemeji.

Sina la kukuambia zaidi.

(Barua haina jina chini.)


Kituo cha mabasi
Tarehe 22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, nasubiri basi. Barua hii itakufika kabla yangu, maana napitia kwa Shangazi kwanza. Mjomba najua ameshakuandikia, jana nilipofuata sanduku langu barazani nilimwona dirishani akipiga mihuri kwenye bahasha kama anaua mende.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya maonyesho niliwahi maktaba peke yangu kupanga picha, kama alivyoniagiza. Pale katikati ya ukuta niliitundika ile ya kalenda, na pembeni yake nikatundika ya kwako, halafu nikazifunika zote kwa kitambaa kimoja. Chini ya kila moja nikaweka karatasi niliyoichapa, jina la Mama, lote, mpaka la ukoo. Mjomba alipofika alikagua kitambaa, akasema kimekaa vizuri.

Watu walijaa. Mkutubi mkuu, mama mmoja mwenye miwani kama sahani, akakaa mbele, kijitabu mkononi. Mjomba akazungumza sana. Akaeleza alfajiri, akaeleza maji kiunoni. Akafika kwenye kisiki. Kisiki alikizungumzia, Baba, ungejisikia vizuri. Akasema ni kisiki chenye hekima. Akasema, "Nilikaa juu yake, na nilihisi kinanielewa." Watu wakapiga makofi. Akashika kitambaa, akakivuta, na uso wake akauelekeza kwa watu, hakugeuka, anasubiri washangae.

Wakashangaa.

Mtoto mmoja akasema, "Mama, kisiki kina meno." Mkutubi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogea mpaka ukutani. Akasoma jina. Akafungua kijitabu ukurasa wa tatu, akakisoma tena, akaangalia picha. Akauliza, sauti ya maktaba ile, ya chini kabisa:

"Bwana, huyu mzee ndiye uliyemkalia?"

Mjomba akageuka. Baba, nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Aliangalia picha kwa muda mrefu, na sidhani kama alikuangalia wewe. Alikuwa anaangalia chini, kwenye maji. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Na ile herufi aliichonga wapi?" Hapo ukumbi ukalipuka. Kuna mzee alicheka mpaka akatolewa nje kupewa upepo.

Mkutubi akaniuliza picha ni za nani. Nikamwonyesha ukanda wa filamu, vipande viwili vimeshikana, cha kalenda na chako. Nikasema ni za Mama yangu, na kisiki ni Baba, na mimi ndiye niliyekuwa nachapa uongo. Nilisema kwa sauti. Mjomba alikuwa ameshatoka kwa mlango wa vitabu vya watoto.

Picha zote mbili zimebaki ukutani. Mkutubi amesema zitakaa hapo hata maonyesho yakiisha, na jina halitaguswa.

Kwa hiyo ulivyovitaka vyote umevipata, kwenye sahani moja. Masikio yake yaliwaka, niliyaona. Mimi sina kazi tena na sina kitanda, na sijui kama nimefanya vizuri. Ila kamera ya Mama naomba uitoe kabatini, uifute vumbi. Nimenunua filamu.

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 5 Mei

Shemeji,

Nitakuita shemeji. Cheo hiki nilikipata kwa dada yako, na wewe huna uwezo wa kukitoa.

Barua yako nimeipokea. Fupi, lakini imejaa hisia. Nimeisoma dukani juu ya kreti lilelile, na fundi baiskeli amesema umeanza kuandika kama mtu. Muuguzi wa zahanati ameng'oa kalenda ukutani, ameibandika upya baada ya kulikata jina lako kwa mkasi na kuandika la dada yako kwa kalamu yake ya kuandikia dawa. Mimi nimeombwa kuweka sahihi chini ya ndege, pale kwenye kisiki. Kila anayekuja kuchomwa sindano ananitazama.

Usiku huwa nalala vizuri sana. Nalala, naamka katikati, nakumbuka ukurasa wa tatu, nacheka, nalala tena. Kama ulitegemea dhamira itanisuta, itabidi uitume kwa basi, maana huku haijafika.

Lakini mwanangu ameniambia kwamba ulipogeuka ulitazama chini, kwenye maji, ukamwona dada yako. Hilo limenikera, shemeji. Nilikuwa nimekupangia chuki safi isiyo na madoa, na wewe ukaenda kumtazama dada yako. Ungemtazama hivyo pale msibani, ungekaa kwenye kiti cha uvivu ukasema, "Shemeji, nieleze alivyokuwa anapiga," ningekueleza usiku kucha, na picha ningekupa mbili, na hata meno yangu ungeyapata bure. Hukuuliza. Ulitaka msumari tu na kilichokuwa juu yake. Kwa hiyo sikusamehi, usianze kufurahi. Nimekutajia tu.

Binti amerudi. Analala chumba cha mama yake, anaamka kabla yangu, anazunguka kinamasi na kamera shingoni, ananuka tope na yuko mbali nami hata tukiwa mezani. Kosa la kumpoteza mfanyakazi kama yule ni lako, mimi nimefaidi. Jana alinitazama tukiwa tunakunywa chai, akanitazama vile mtu anavyotazama meza anayotaka kuihamisha. Nikajua. Gunia ameshalishona.

Ndipo nakuja kwenye shida yangu. Sitaki uniombe radhi, sitajua niiweke wapi. Nataka gambuti zangu. Ulisema zilikutumikia kinamasini na halikuingia hata tone. Mguu wa kushoto, shemeji, una tundu kisiginoni la kupitisha dole gumba, lipo miaka mingi, na dada yako alikuwa ananiwekea kitambaa. Mtu akiingia nazo majini hatua chache tu, atalijua mpaka kaburini. Kwa hiyo najua ziko kavu, na najua ziko nyuma ya pazia lako la bluu, pale ulipoziacha siku ya kwanza.

Zifunge na gazeti, kama nilivyokufungia mimi. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, mwambie ni za Mkaratusi, atanijua, huku wote wananijua. Fanya hivyo wiki hii, maana mpiga picha wangu mpya hana subira kama mama yake, na maji ya asubuhi ni baridi kwa kisiki cha umri wangu.

Na kile kitambaa cha kisiginoni, kama bado kimo ndani, usikitoe.